Udongo Mwekundu

Bi Tunsume, mkaguzi wa wafadhili, aling'oa muhogo pekee ulionawiri katika shamba la majaribio. Mizizi ilitoka na udongo mwekundu, ilhali udongo wa shamba lile ulikuwa mweusi tii.

"Dokta Kahimba, huu umetoka wapi?"

Mtafiti akajibu, "Kwa shemeji yangu. Yetu yote imekufa kwa ugonjwa wa batobato."

"Pole. Lakini nitaandika hivyo hivyo, na ufadhili utasitishwa."

"Andika tu, mama. Nilitamani mno kuuona hata mmoja ukipona."

Gari la mkaguzi lilipoondoka, Dokta aliurudisha muhogo shimoni, akaushindilia udongo mweusi, akaumwagia maji. Kisha akachutama akiyatazama majani, kama mtu aliyewahi mno kituoni kumpokea mgeni.