Kofia ya Mzee Magesa

Mzee Magesa hakuwa diwani wala mwenyekiti, lakini katika mji ule hakuna diwani aliyenyoosha mkono kabla ya kutupia jicho kiti cha nyuma kabisa, alikokaa yeye. Akivua kofia yake ya pama, hoja imepita. Akiiacha kichwani, imekufa. Miaka nenda rudi watu walidhani mzee anasikia joto tu.

Siku hiyo tajiri mmoja alitaka kubomoa soko la akina mama ajenge maghala. Magesa alikuwa ameapa kimoyomoyo: leo kofia haibanduki.

"Wanaoafiki?" mwenyekiti aliuliza.

Mlango ukafunguliwa. Akaingia Bibi Nyamizi, muuza dagaa wa soko lile lile, aliyemnyonyesha Magesa mama yake alipofariki. Magesa akainuka kumpisha kiti na, kama alivyofunzwa tangu utotoni, akavua kofia.

Mikono yote ikapaa.

"Imepita!" Mwenyekiti akagonga meza.

"Shikamoo, mama," Magesa alisema.

"Marahaba, mwanangu." Bibi aliitazama ile mikono, akatabasamu. "Wamekubali soko letu libaki, eti?"

Ingetosha apaze sauti aseme kwamba amekosea kuivua kofia. Lakini angeanzaje, mbele ya kadamnasi, kueleza kofia ile ilikuwa ikifanya kazi gani? Akabaki amesimama, akiigeuzageuza mikononi kama kitu cha wizi.

"Vaa basi kofia yako," bibi alimwambia taratibu. "Heshima yako nimeiona."