Nimechoka, kwa Kihispania

Zaituni alikuwa akimgeuza mama mkwe wake kitandani ili atandike shuka kavu, maneno yakamtoka: "Estoy harta."

Aliyajua tangu alipokuwa mpishi wa masista wa Kihispania. Sista mkuu aliyasema kila alipochoshwa, huku akibamiza sufuria. Katika mji huu mkwe hamwambii mama wa mumewe kwamba amechoka. Humwambia "pole, mama," akaendelea na kazi.

"Umesemaje?" aliuliza Bi Mwanakombo.

"Si kitu, mama."

"Mbona hicho kisicho kitu umekisema kwa kuuma meno?"

Zaituni aliketi ukingoni mwa kitanda. Mgongo wake ulikuwa unawaka moto. "Ni kusema nimechoka, mama. Nimechoka hadi hapa." Akagusa koo lake, akangoja kufukuzwa.



"Nifundishe," alisema Bi Mwanakombo. "Na mimi nimechoka kugeuzwa kama chapati."

Aliyarudia maneno yale polepole mpaka ulimi ukazoea. Ndipo jirani yao, Bi Time, akaita kutoka nje kama alivyofanya kila asubuhi akipita kwenda sokoni:

"Hodi humu! Mmeamkaje?"

Zaituni alifungua kinywa kusema hatujambo.

"Estoy harta!" mama mkwe akamtangulia.

Bi Time alisimama mlangoni. Maneno yale hakuyaelewa. Alimtazama mgonjwa, akamtazama Zaituni, kisha akaweka kapu lake chini, akavua viatu.