Udongo wa Bi Beryl

Bi Beryl alipiga magoti kando ya ua wa miiba, mbele ya jiwe lenye jina la baba yake, rubani aliyeanguka na ndege shambani kwetu wakati wa vita, yeye akiwa bado tumboni.

"Nimechelewa miaka themanini," alimwambia baba yangu, akicheka. "Mzee atanisuta. Ni hapa hasa alipoangukia?"

Baba alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Mwaka jana alilivuta lile jiwe kwa trekta kutoka katikati ya shamba, maana lilikuwa likimsumbua kulima. Mnyororo niliufunga mimi.

"Hapa hapa, mama," akajibu.

Bi Beryl akatoa mfuko mdogo na kijiko cha chai. Akachota udongo taratibu, kama anayemlisha mtoto.

"Nikaumwage kaburini kwa mama yangu. Amelala peke yake muda mrefu mno."

Baba akatazama viatu vyake.

"Samahani, mama," nikasema. Nikauchukua mfuko mkononi mwake, nikaumwaga udongo wote, nikaingia katikati ya ngano, kuelekea pale jiwe lilipokuwa zamani.

Baba, ambaye hamruhusu hata mbwa kuikanyaga, hakuniita nirudi.