Gonga Mara Tatu

Kila tofali fundi bomba aliloling'oa kwa spana, mkewe alilipokea na kuliweka kando. Mkewe alikuwa amelala chali, paja lake limelaliwa na boriti, lakini mikono yake ilikuwa mizima na hakupenda kukaa bure.

"Taratibu, mzee wangu," alisema. "Ukituangushia na hiki kilichobaki, utabaki kujipikia."

"Nitakula mbichi."

"Ulikuwa unakula mbichi nilipokukuta."

Fundi alicheka, vumbi likamwingia kooni. Alikohoa, kisha akainama tena ukutani. Alikuwa na haraka. Kitambaa alichomfunga mkewe pajani kilikuwa kimelowa chote, na hewa ya stoo ile ya chini ya ardhi ilikuwa nzito kama blanketi la maji.

Mtu wa tatu alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ameshika tochi. Huyo alikuwa mwenyekiti wa mtaa. Suti yake ilikuwa nyeupe kwa vumbi, lakini vifungo alivifunga vyote. Ndiye aliyewaamuru wale wawili washuke stoo mizinga ikilia. Na ndiye aliyempa mkuu wa kikosi ufunguo wa uwanja wa chekechea, nyuma ya jengo, ili hiyo mizinga ipate pa kukaa. Hakumuuliza mtu. Wenye vyeo huwauliza wadogo wakati wa kura tu.

Mizinga ikapiga asubuhi nzima kutoka pale penye bembea. Mchana adui akajibu. Jengo likakaa chini kama ngamia.

"Kuna sheria ya vita," mwenyekiti alisema. "Raia hapigwi. Mkuu alinisomea mwenyewe."

"Na kombora nalo alilisomea?" mke wa fundi aliuliza.

"Shemeji, huu si wakati wa mzaha."

"Basi niambie bila mzaha. Sheria hiyo haikusema mizinga isikae karibu na vitanda vya watoto?"

Mwenyekiti alielekeza tochi kwingine. "Hayo ni mambo ya wakubwa."

"Haya. Wao ndio fahali, sisi ndio nyasi. Ila nyasi, bwana, huota tena."

Fundi hakuinua kichwa. Ngazi zilikuwa zimezikwa. Njia iliyobaki ni ukuta huu, ambao nyuma yake kulikuwa na stoo ya jengo la jirani. Huenda ngazi za kule zilikuwa zimesalimika.

"Natamani kungekuwa na mtu upande ule," alisema. "Tungebomoa kutoka pande mbili, tungekutana upesi."

"Kule ni kutupu," mwenyekiti alisema. "Malori yaliwahamisha wote jana. Mkuu alinihakikishia. Na wewe ungeacha huo ukuta. Tumefundishwa nini mkutanoni? Ukifukiwa, gonga bomba mara tatu. Waokoaji wakifika, watajibu mara tatu. Wakijibu, acha kila kitu, tulia. Ukichokonoa unaweza kuwaangushia wao."

"Gonga basi," mke wa fundi alisema. "Mafunzo hayo yasipotee bure."

Bomba la maji lilitokeza ukutani, likazama sakafuni. Fundi aligonga kwa spana mara tatu. Wakasikiliza. Kimya. Akarudi kwenye matofali yake. Akang'oa moja, akang'oa la pili, jasho likamtiririka hadi machoni.

Ndipo bomba likalia. Ngo, ngo, ngo.

Tochi ilimtoka mwenyekiti mkononi. "Wamekuja! Si nilisema? Serikali hailali!"

Fundi alibandika sikio ukutani. Kwa mbali, ng'ambo ya matofali, alisikia kitu kikikwaruza. Aligonga tena mara tatu. Mkwaruzo ukakoma. Jibu likaja. Ngo, ngo, ngo.

"Wanachimba," alisema. "Mke wangu, wanachimba."

"Basi na wewe chimba uwasaidie."

"Weka spana chini!" mwenyekiti alifoka. "Unataka kuwaua watu waliokuja kukuokoa?"

Fundi alimtazama mkewe. Midomo yake ilikuwa imeanza kupauka. Maisha yake yote fundi alikuwa amefanya kama alivyoambiwa na waliosoma. Akaweka spana chini. Akakaa, akakipakata kichwa cha mkewe.

Wakangoja. Hakuna kilichokwaruza tena.

"Mbona wameacha?" mke aliuliza.

"Wanaleta mashine," mwenyekiti alisema. "Kazi kama hii haifanywi kwa mikono."

"Mzee wangu."

"Naam."

"Nimeanza kusikia baridi. Ongeza matofali mawili tu, halafu upumzike."

"Wameshafika, mke wangu. Vumilia." Alinyoosha mkono, akagonga bomba mara tatu ili mkewe asikie mwenyewe. Jibu lilikuja hapo hapo. "Umesikia? Wako hapo tu."

Mke alitabasamu, akafumba macho. Tochi ilianza kuwa nyekundu. Mwenyekiti akaizima, na gizani wote watatu wakatulia kama walivyofundishwa.

Upande wa pili wa ukuta, mshonaji aliyengoja lori tangu jana aliweka chini sufuria aliyokuwa akichimbia, akawavuta wanawe kifuani.

"Acheni, wanangu, msiguse tena matofali," aliwanong'oneza. "Wamegonga. Waokoaji wamefika."