Rangi Nyeupe ya Kamanda Thripp

Kombora la arobaini na nane liliingia baharini taratibu, limefungwa kamba kiunoni, mabaharia wanne wakiliteremsha kwa adabu kama bibi harusi. Lilikuwa limesuguliwa likasugulika. Liliendelea kumetameta hata lilipokuwa chini ya maji.

Kamanda Lionel Thripp aliinama ukingoni mwa manowari kuangalia kama maji yamerukia rangi. Hayakuruka hata tone. Akashusha pumzi.

"Hilo ndilo la mwisho, afande," alisema Mista Pengelly, mkuu wa mizinga, mzee ambaye miaka ishirini ya milio ya kweli ilimwachia sikio moja tu la kusikilizia. "Kwenye ripoti niandike tumepiga shabaha mara ngapi?"

"Thelathini na moja."

"Eh, afande! Mwaka juzi tulipiga kweli, tukapata tisa."

"Basi ishirini na sita. Usiwe na tamaa, Pengelly."

Amri kutoka London ilikuwa fupi: kila miezi mitatu, kila manowari iliyoko Malta imalize makombora arobaini na nane ya mazoezi. Lakini mzinga ukipigwa hutoa moshi, moshi huacha masizi, na masizi hayana heshima kwa rangi nyeupe. Tena mwaka huo wa 1902 hakuna aliyekuwa amesikia ofisa kapandishwa cheo kwa kulenga vizuri. Walipandishwa kwa kung'aa.

Thripp aling'aa. Kwa miaka kumi na minne alikuwa amewapigisha watu deki mpaka mbao zikakonda. Rangi ya serikali ilipoisha, alinunua nyingine mwenyewe, ndiyo maana mkewe huko Portsmouth alikuwa na koti lile lile kwa msimu wa nne wa baridi.

Sasa alikuwa na miaka arobaini na minne. Orodha ya wanaopanda kuwa makapteni ingetoka mwisho wa Juni, na jina lake lisipokuwemo safari hii, basi tena. Angestaafu na kwenda kuishi kwa mama mkwe, ambaye hakuwahi kuficha kwamba yeye alimtaka yule mposaji mwingine, mwenye kiwanda cha biskuti.

Kapteni wa meli alikuwa nchi kavu akiuguza jongo la mguu. Kwa hiyo sifa zote za ukaguzi zingekuwa za Thripp, na aibu zote pia.

Alhamisi, meli ikiwa bado imetia nanga pale pale, admirali mpya akaja kukagua.

Jina la Sir Ambrose Culverhouse lilitosha kuwaharibia maofisa hamu ya kula. Ilisemekana kwamba zamani, alipokuwa kamanda, hakuna meli iliyomaliza makombora haraka kama yake. Aligawiwa Jumatatu, kufika Jumatano ghala tupu. Huyo ni mtu wa baruti, walisema. Wapaka rangi mtamkoma.

Alipanda na glavu nyeupe. Akapitisha kidole kwenye shaba, kwenye minyororo, hata nyuma ya sikio la mbuzi aliyefugwa melini. Glavu ikabaki nyeupe. Kisha akachungulia ndani ya mdomo wa mzinga mkubwa, ambao ulikuwa safi kuliko vikombe vya chai vya maofisa.

"Mmepiga lini?"

"Jumatatu, afande. Yote arobaini na nane."

"Na moshi?"

"Upepo ulitusaidia, afande."

Admirali akaitazama rangi. Akamtazama mbuzi, naye alikuwa mweupe pepepe.

"Upepo mwema sana," alisema, akaendelea na safari yake.

"Mungu wangu," Thripp alinong'ona, kwa sauti ambayo hata masikio yake mwenyewe hayakuisikia vizuri.

"Mungu wako amefanya nini?" aliuliza Admirali, akiwa hatua kumi mbele, mgongo umegeuka.

Akasimama kwa Pengelly. "Mista Pengelly, milio ilikuwaje?"

"Eti?" Mzee alitega kiganja sikioni.

"Milio!"

"Ah! Haikuwa mikubwa, afande."

Thripp alifumba macho.

"Na hapa tulipo," Admirali aliuliza polepole, "kina chake pima ngapi?"

"Kumi na tatu, afande."

Admirali akaenda ukingoni, akainama, akatazama chini kwa muda mrefu. Maji ya Malta mwezi wa Juni ni maangavu, hayajui kumfichia mtu siri. Alipoinuka uso wake ulikuwa mwekundu.

"Kamanda, twende chumbani kwako. Sisi wawili tu."

Kufika mlangoni, Thripp alikuwa amekwisha kumwandikia mkewe barua nzima kichwani. Alipofika kwenye sentensi ya mama mkwe, machozi yalimlenga. Ilimuuma, jamani. Miaka kumi na minne ya msasa!

Admirali alifunga mlango, akavua glavu, akachukua kalamu na karatasi.

"Thripp. Ni kwa p mbili?"

"Mbili, afande."

Akaandika, akakunja karatasi, akaitia mfukoni. Kisha akapiga meza kwa ngumi.

"Pima kumi na tatu! Una akili wewe, bwana mdogo? Yanaonekana yote pale chini, tena umeyasugua yanang'aa! Mimi sikuwahi kutupa pasipofika pima mia."

Akagonga mfuko wenye ile karatasi.

"Kwenye orodha nimekuweka wa kwanza. Sasa nisikilize. Jumanne wakubwa wa London wanakuja kukagua meli yangu, na mimi nimebakiwa na makombora thelathini na nne. Niazime huyo Pengelly wako. Aje na kamba."