Picha za Ufa

Kwa mara ya tatu mtunza kumbukumbu alikagua nakala za akiba, na kwa mara ya tatu picha za ufa wa nguzo inayobeba bweni la wanafunzi hazikuwemo.

"Ni hiyo alama ya reli, hiyo #, kwenye jina la picha," bosi alisema nyuma yake. "Kompyuta haiipendi. Achana nazo, mwanangu."

Machale yakamcheza. Habari ya alama ile hakuwa amemwambia mtu.

Akaifuta, akanakili upya. Wapi! Ndipo alipofungua orodha ya mafaili ya kurukwa wakati wa kunakili. Mwishoni kabisa palikuwa na mstari ulioongezwa jana: nyota, neno "ufa", nyota. Yaani jina lolote lenye ufa ndani yake, lirukwe.

Akageuka. Bosi alikuwa akikwangua kwa ukucha rangi nyeupe kwenye ukingo wa shati lake. Rangi ya nguzo, na ilikuwa bado mbichi.

"Umeachana nazo?"

"Nimeachana nazo, mzee. Nahifadhi zangu tu."

Akazipa picha jina jipya, "Harusi ya dada", akabonyeza. Moja baada ya nyingine, zikaanza kupita.

"Harusi! Hongereni," bosi akasema, akivuta kiti. "Hebu fungua tumwone bibi harusi."