Reli ya Winchi

Waridi alifuata reli ambayo winchi kubwa ya bandarini hutembea juu yake, mkono mmoja na sufuria ya chakula cha mumewe, mwingine umemshika binti yao mdogo.

Mbele, mumewe alikuwa anakula sombe, mboga ya majani ya muhogo, ya mama muuzaji, tena anacheka naye.

"Kula, papa," mama huyo akamwambia. "Kwako hawajuaka chumvi."

Roho ikamchoma Waridi. Akaweka sufuria chini, akakaza kitenge kiunoni, tayari kwa ugomvi. Nyuma yake kengele ya winchi ikalia. Hakugeuka; tangu vita ianze, nani anageukia kila kelele?

Mumewe akamwona, akatupa kijiko, akaja mbio. Afadhali, Waridi akawaza, aniombe msamaha mbele ya huyo mama.

Lakini mumewe alimpita bila kumtazama, akikimbilia relini.

Waridi akainamisha macho. Mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye kitenge.